Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), Tanzania: Dozi iliyozuiwa haina fomu ya madai

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mfamasia wa wodini na mchangiaji wa Mfuko: kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Nakuandikia kuhusu fedha hizo zinavyopotea kwa sindano zisizohitajika.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali nisiyoitaja, nilimkuta mama aliyejifungua kwa upasuaji yuko siku ya tano ya seftriaksoni, antibiotiki ya mshipani. Hana homa, kidonda kikavu, anakula, ananyonyesha. Nilipouliza sababu, niliambiwa ndivyo wanavyofanya siku zote. Kanula ilikuwa imebadilishwa mara mbili. Kwenye madai kila kitu kilikuwa na bei yake: vichupa vya dawa, mabomba ya sindano, kanula, siku za kulazwa. Kama ningefanikiwa kuisimamisha ile dawa mapema, hospitali ingedai pungufu, na kazi yangu isingeonekana popote.

Hapo ndipo penye kasoro. Mfuko hulipa kwa huduma iliyotolewa, na dozi iliyozuiwa haina fomu.

Wenzetu wa Hospitali ya Thika, Kenya, walibadili utaratibu huu wa sindano: dawa ya kinga ikawa inatolewa kabla ya kisu, badala ya kuendelea kudungwa siku kadhaa baada ya upasuaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kuokoa takribani dola 2.50 kwa kila upasuaji, na wauguzi wakapunguziwa kazi ya sindano. Maambukizi ya vidonda hayakuongezeka. Kumbukumbu za kila upasuaji unaoulipia ziko mezani kwako, zidisha.

Huko Cape Town, Hospitali ya Groote Schuur iliunda timu iliyopita wodini ikikagua antibiotiki za wagonjwa, pamoja na karatasi maalumu ya kuziandikia. Katika mwaka 2012 matumizi yalishuka kwa karibu moja ya tano, na katika miaka minne zikaokolewa randi milioni 3.2 hivi. Gharama za vipimo vya maabara zilipanda, ila kwa sehemu ndogo tu ya kilichookolewa. Vifo havikuongezeka, wala waliorudi kulazwa. Msisitizo wangu uko kwenye maabara: daktari asiyepata majibu ya kuotesha vimelea ataendelea kuandika dawa kali kwa hofu, na simlaumu.

Hizi ni hesabu za fedha pekee; kuna na za uhai. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kati ya watoto wenye bakteria wa gramu hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki, ilhali kwa malaria ilikuwa asilimia 20.2. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo. Seftriaksoni inaposhindwa tunakimbilia meropenemu, iliyo ghali zaidi, na mgonjwa anakaa kitandani muda mrefu. Mfuko unalipia dawa iliyozalisha usugu, kisha unalipia usugu wenyewe.

Tafadhali usinielewe kwamba naomba madai ya antibiotiki yakatwe ofisini. Karani aliye mbali na kitanda hawezi kujua nani anahitaji siku saba na nani hahitaji hata moja. Akikata kwa kubahatisha, atamuua mtu.

Ninachoomba ni malipo ya kudumu kwa hospitali yenye timu inayofanya kazi kweli: mfamasia anayepita wodini, daktari anayemsikiliza, na maabara inayootesha vimelea. Upasuaji wa uzazi nao ulipiwe kwa bei moja iliyojumuisha dozi ya kinga, ili siku ya tano ya sindano isiwe na faida kwa yeyote.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na wanachama wataongezeka. Anza sasa na hospitali chache za rufaa za mikoa, kwa mwaka mmoja, kisha tangaza hesabu hadharani tuzione sote tunaochangia.

Wako katika huduma,
Mfamasia wa wodini