Mchango wa Kwanza Si Msimbo

BARAZA LA ALHAMISI
Na Athumani Mwinyikai

Vijana wetu wanaojifunza kutengeneza programu za kompyuta wamejengeka katika dhana kwamba programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake umeachwa wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa, zina kizingiti kirefu ambacho asiyekuwa bingwa hawezi kukivuka. Na kwa ajili ya dhana hiyo wengi hukaa nje miaka mingi wakidurusu vitabu, wakingojea siku watakapojiona wamekamilika. Naiona dhana hiyo kuwa ni dhuluma wanayojidhulumu wenyewe, na dhuluma juu ya kazi yenyewe, kwa sababu miradi mingi ya namna hii haina upungufu wa msimbo. Inao upungufu wa watu wa kuwapunguzia mzigo wale wachache wanaoitunza.

Yaliyotokea mwaka 2024 yatosha kuwa ushahidi. Iko programu ndogo iitwayo XZ Utils, ambayo kazi yake ni kubana mafaili yapungue ukubwa, nayo imo ndani ya kompyuta nyingi mno zinazoendeshwa kwa Linux duniani. Na kwa muda mrefu ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja tu, kwa hiari yake na bila ya ujira, huku watu wasiomsaidia kwa lolote wakimshutumu kwa kuchelewa. Katika upweke wake huo alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akawa analeta masahihisho, moja baada ya jingine, kwa upole na subira ya zaidi ya miaka miwili, hata akaaminiwa na kukabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Kumbe muradi wake ulikuwa ni kupachika mlango wa siri, wa kumwezesha kuzitawala kompyuta za watu kutoka mbali. Hila hiyo ilifichuliwa tarehe 29 Machi na Andres Freund, mhandisi ambaye hakuwa mtunzaji wa XZ wala mtaalamu wa usalama wa kompyuta, kwa kuwa aliona kwamba kuingia katika kompyuta aliyokuwa akiifanyia majaribio kunachelewa kwa takriban nusu ya sekunde, na badala ya kulipuuza jambo hilo akalifuata mpaka mwisho wake.

Kila nikilitaamali tukio hili naona kwamba khaini yule alipenya kwa sababu wasaidizi wenye ikhlasi walikuwa nadra, na kwamba aliyetuokoa hakuwa ameandika hata mstari mmoja wa programu ile. Alitazama tu, akauliza.

Kinyume cha wanaokaa nje wakingojea, wengine huingia kwa pupa. Oktoba 2020, katika kampeni ya kuhimiza michango iitwayo Hacktoberfest, inayoandaliwa na kampuni ya DigitalOcean ya Marekani, fulana ziliahidiwa kwa waliopeleka mabadiliko manne, na watunzaji wakafurikiwa na mabadiliko yasiyo na maana, neno la sifa limeongezwa hapa, nukta imesogezwa pale, hata waandalizi wakalazimika kubadili kanuni siku chache tu baada ya mwezi kuanza, wakaamuru kwamba ihesabiwe miradi iliyokubali kushiriki peke yake. Anayetafuta jaha kwa njia hiyo humwibia mtunzaji saa zake za usiku.

Kwa hiyo rai yangu kwa anayeanza ni kwamba achague programu moja anayoitumia kila siku kwa haja zake, iwe LibreOffice anayoandikia barua au Firefox anayosomea habari, maana mwenye kuitumia ndiye ajuaye inapouma. Asome mwongozo wa wanaoingia upya, ambao miradi mingi huuweka katika faili liitwalo CONTRIBUTING, aufuate hatua kwa hatua, na kila atakapokwama aandike pale pale kilichomkwamisha. Hapo ana kitu ambacho bingwa hanacho, kwa kuwa bingwa amekwisha kuizoea njia, na mashimo yake hayaoni tena.

Taarifa ya hitilafu nayo ni kazi ya heshima. Anayeandika kwamba programu imeharibika, akaishia hapo, amemwongezea mtunzaji taabu ya kumhoji. Lakini anayetafuta kwanza kama kuna aliyemtangulia kulisema jambo hilo, kisha akataja toleo la programu na la mfumo wa kompyuta yake, akaeleza kwamba alilihifadhi jedwali lenye tarehe kwa muundo wa CSV, akalifungua tena akakuta siku na mwezi vimebadilishana nafasi, ilhali alitazamia vibaki vilivyokuwa, na akaambatisha faili dogo la kuonyesha hayo, huyo amemfanyia mwenziwe nusu ya kazi.

Zamu ya kurekebisha ikifika, utaratibu wenyewe si mgumu: mtu hujitwalia nakala ya mradi, hufungua tawi kwa Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, hubadili jambo moja tu, hueleza kwa sentensi fasaha kwa nini amelibadili, kisha hupeleka ombi la kuunganisha. Halafu hungoja. Jibu laweza kuchukua wiki kadhaa na kuja na maswali mengi, na maswali hayo asiyahesabu kuwa ni dharau, kwani baada ya yaliyoisibu XZ kila mtunzaji ana haki ya kuujua vyema msimbo anaoupokea.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yote yako ng'ambo. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health la Boston, zote za Marekani, lakini ilianza kutumika Eldoret, Kenya, katika mpango wa matibabu wa AMPATH, mwaka 2006. Ndani yake kuna mahali pa kuonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa ni ya kukadiria. Hilo ni jambo ambalo ni shida kumjia akilini mtu aliyekulia mahali ambapo kila mtoto ana cheti, lakini karani wa zahanati zetu hukutana nalo asubuhi kwa asubuhi. Maarifa ya karani huyo ni mchango kamili, hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa Java, lugha iliyoandikiwa programu hiyo.

Na lugha yetu je? Mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice, ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice. Lakini tafsiri ya programu haina mwisho, maana kila toleo jipya huja na maneno yake. Fauka ya hayo, watengenezaji wengi huandika ujumbe mmoja tu wa kuarifu kwamba kitu kimefutwa, wakaacha nafasi tupu ya kutiwa jina la kitu hicho, wakidhani kwamba lugha zote zitaridhika nao. Ilhali kwetu picha imefutwa, faili limefutwa, kiambatisho kimefutwa na waraka umefutwa. Mhandisi wa California hatalijua hilo asipoambiwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne huko Tanga analijua tangu utotoni, na leo hii aweza kumwandikia, kwa adabu, amwombe augawe ujumbe ule mmoja uwe jumbe nne, akimwekea mifano hiyo minne chini yake.