Kabla hatujaahidi akwaria, tujue nani atalipa umeme wa pampu

Wiki iliyopita, saa tano usiku, mmoja wetu alirusha pendekezo kwenye kundi la WhatsApp la vijana. Alitaka tuongeze kipengele kwenye rasimu ya ilani yetu: Dar es Salaam ijengwe akwaria kubwa ya matumbawe, "kama ya Dubai". Dole gumba zikamiminika. Kisha kamanda mmoja wa Temeke akaja na moto: watoto wanakaa chini madarasani, maji yanatoka siku mbili kwa wiki, halafu sisi tunataka kufuga samaki kwenye kioo? Kundi liliwaka mpaka saa nane.

Nikiri kwamba nilikuwa upande wa Temeke. Niliandika "tuwe siriasi", nikazima data nikalala. Ila lile jambo halikuniacha, na nitasema kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Kunduchi Mtongani. Kisiwa cha Mbudya nakiona tangu nimepata akili. Utotoni tulikuwa tunasikia mlipuko mbali baharini, mama anainua kichwa kwenye karai la mafuta anasema, "Wameshapiga hao." Jioni wanaletwa samaki walegevu, ukimshika mgongo unahisi mfupa umevunjika ndani. Tumbawe nililijua kama jiwe jeupe la kuchoma chokaa, basi. Nilivaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 24, tena kwa hisani ya rafiki aliyelipa boti na kiingilio. Nilipoinua uso kwenye maji nilikuwa na hasira kuliko furaha. Miaka 24 naishi mbele ya kitu kile na hakuna aliyewahi kunionyesha. Mama yangu mpaka leo hajakiona.

Sasa tega sikio. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Mwaka huohuo wa 1975, Bunge la Australia lilipitisha sheria ya kulinda mwamba wao mkubwa wa matumbawe, Great Barrier Reef, na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Tulianza mwaka mmoja. Wenzetu, miaka 12 baadaye, walifanya kitu ambacho sisi hatujafanya hadi leo: waliuleta mwamba mjini ili mwananchi asiyejua kuogelea auone.

Mji wenyewe unaitwa Townsville, uko jimbo la Queensland, na si mji wa matajiri wa mafuta. Ni mji wa bandari, kambi ya jeshi na chuo kikuu. Mwaka 1987 ilifunguliwa pale akwaria ambayo tangi lake kuu lilikuwa la lita milioni 2.5, likiwa na matumbawe hai, samaki wake, mchanga wake na mawimbi yake. Kwa miaka mingi ilijulikana kama tangi kubwa kuliko yote duniani la matumbawe hai. Na iliendeshwa na mamlaka ileile ya serikali inayolinda mwamba wenyewe. Hapo nitarudi.

Lakini kwanza mjue ile sheria ya 1975 ilitoka wapi, maana haikudondoka kutoka kwa watawala wenye huruma. Mwaka 1967 mkulima mmoja wa miwa aliomba kibali cha kuchimba chokaa kwenye sehemu ya mwamba iitwayo Ellison Reef. Hoja yake ilikuwa kwamba pale pamekufa, hapana kitu, ni mawe tu. Mchoraji mmoja anayeitwa John Büsst akaweka pingamizi. Vijana wapiga mbizi, wengine wanafunzi wa chuo, wakasafiri, wakazama, wakahesabu matumbawe na samaki mmoja baada ya mwingine, wakapeleka orodha kwenye shauri. Ombi likakataliwa. Ikaja mafuta. Kiongozi wa serikali ya jimbo mwenyewe alikuwa na hisa kwenye kampuni za utafutaji mafuta, na vyama vya wafanyakazi vikatangaza kususia uchimbaji kwenye mwamba. Miaka ya kelele, stika kwenye magari, mikutano. Ndipo ikapatikana sheria.

Kilichonigusa ni ile hoja ya "pamekufa". Ukitaka kupora kitu ambacho wenyewe hawajakiona, waambie kimekufa. Nani atakubishia? Mama yangu? Hana pa kuanzia. Kwa hiyo nilipofika hapo nikaanza kuelewa kwa nini mamlaka ya kulinda bahari ihangaike na kujenga tangi la kioo mjini. Ilikuwa inawatafutia mashahidi wa baadaye.

Basi nikabadilika? Subirini. Nikaanza kusoma namna linavyojengwa, na hapo ndipo shauku ilianza kupungua tena.

Lita milioni 2.5 ni simtank 500 za lita 5,000. Ni tani 2,500 na zaidi za maji yanayosukuma kuta mchana na usiku. Kila lita ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Ukisema uchanganye mwenyewe kwa maji ya bomba, unahitaji tani 87 na nusu za chumvi, tena si ile ya kupikia. Utasema bahari ipo pale, tuvute. Tuvute wapi? Maji ya karibu na mdomo wa Msimbazi baada ya masika mnayajua.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake anafuga mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani unapika chakula kwa jua, na mnyama anajenga mifupa ya chokaa. Maji yakizidi joto anaufukuza ule mwani, anabaki mweupe, na joto lisiposhuka anakufa njaa. Mwaka 1998 ilitokea kwenye pwani yetu, Mafia ikiwemo. Sasa mnyama huyo ukimweka kwenye zege, wewe ndiye unakuwa bahari yake. Jua ni kazi yako. Townsville waliliacha tangi wazi juu ili jua liingie lenyewe, jambo ambalo kwa Dar tungeliweza bure kabisa. Mawimbi ni kazi yako, kuna mashine inayosukuma maji ili tumbawe lisikae kwenye maji mfu. Kupooza maji ni kazi yako. Chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ikipungua, unairudisha. Na kinyesi cha samaki wote wale lazima kitoke, maana tumbawe halitaki maji yenye mbolea.

Kwenye hilo la mwisho Townsville walijaribu njia ya kisayansi iliyovutia wengi. Walifuata mbinu ya mtaalamu wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, Walter Adey: maji yanapitishwa kwenye trei zenye mwani, mwani unakula uchafu, unavunwa na kutupwa. Kwenye karatasi ni safi kama mstari. Kwenye tangi, miaka ya mwanzo matumbawe mengi hayakukaa vizuri, na mfumo ukabidi urekebishwe kadiri miaka ilivyokwenda. Napenda kwamba hawakuficha. Wale walikuwa na fedha, wana chuo kikuu jirani, wana mwamba wenyewe mlangoni, na bado iliwasumbua.

Halafu umeme. Pampu zikisimama, hewa kwenye maji inaanza kupungua. Baada ya saa kadhaa wanaanza kufa samaki, na aliyekufa anaoza na kuwachafulia walio hai. Townsville ni nchi ya vimbunga, kimbunga Yasi mwaka 2011 kiliacha sehemu kubwa ya mji gizani, kwa hiyo jenereta kule si pambo. Sisi mgao wetu hausubiri kimbunga. Yaani jiulize tu: LUKU ya jengo hilo ikiisha Jumamosi ya Idi, nani ana mamlaka ya kununua umeme bila kusubiri sahihi ya mtu aliyeko safarini Dodoma?

Na hata ukifanya yote sawa, chumvi inakula. Inakula nondo, inakula mabomba, inakula bolti. Februari 2021, baada ya miaka 33 na ushee, Townsville walifunga milango kwa ukarabati mkubwa. Gharama na muda vikazidi vilivyotangazwa mwanzo, na watu wa mji wakalalamika kwa haki. Ndivyo jambo hili lilivyo hata kwa nchi yenye ukaguzi mkali.

Kuhusu Dubai, kwa heshima zote kwa kamanda aliyependekeza: lile ni tangi la lita milioni 10 ndani ya duka kubwa, la papa na taa wanaopita juu ya kichwa chako ukienda kununua viatu. Linavutia, sikatai. Ila papa anavumilia makosa mengi ambayo tumbawe halivumilii, na duka linataka wanunuzi. Ukichanganya vitu hivi viwili kwenye ilani utapata zabuni ya bilioni nyingi, uzinduzi wa utepe, matumbawe ya plastiki, na aya moja kwenye ripoti ya CAG miaka minne baadaye. Tumeshaona majengo ya namna hiyo, kioo kinang'aa na ndani hakuna bajeti ya balbu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi wa pande zote mbili.

Kwa Temeke: hoja ya madawati siipuuzi, na ikibidi kuchagua, dawati kwanza. Lakini tusiseme bahari ni starehe. Mvuvi wa Mtongani, mama lishe wa Feri, kijana wa boti za Mbudya, wote wanakula kutoka kwenye mwamba ambao wenyewe hawajauona. Uvuvi wa baruti ni kosa kisheria tangu 1970 na bado nimekua nikiusikia. Doria peke yake haikututosha. Wenzetu Townsville waliweka hospitali ya kasa palepale kwenye akwaria mwaka 2009, wakafundisha wakazi wa kawaida kujitolea kuongoza wageni, wakaunganisha shule na mwamba. Mtoto aliyemwona kasa akiuguzwa kwa macho yake hatamwonea haya mjomba wake mwenye baruti.

Kwa Dubai: tusianze na milioni 2.5. Tuanze na lita 20,000. Simtank nne. Liwe Dar, lipate jua la kweli, liwe chini ya taasisi ya umma inayolinda hifadhi za bahari pamoja na wataalamu wetu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar tangu 1978, tusijifanye hatuna watu. Matumbawe yasivunjwe Mbudya. Arnhem kule Uholanzi, ambako hakuna mwamba wala jua la maana, wana tangi la matumbawe hai la lita 750,000 tangu mwaka 2000, wakakuza kutokana na vipandikizi kama mtu anavyopanda muhogo, mpaka wanawagawia wengine. Kama Uholanzi wanaweza kwa taa, sisi tuna kisingizio gani?

Tangi hilo dogo likae miaka mitatu. Kila mwezi mlangoni pabandikwe karatasi: joto la maji, umeme uliotumika, matumbawe mangapi yamekufa, shule ngapi zimeingia na zimelipa kiasi gani. Mwanafunzi wa Mbagala asilipe zaidi ya nauli yake ya daladala. Likivuka miaka mitatu likiwa hai, tutakuwa na mafundi waliokwishakosea kwa gharama ndogo, na tutakuwa na haki ya kumwomba mlipa kodi tangi kubwa. Likifa, tutakuwa tumepoteza simtank nne na aibu kidogo.

Na fedha ya kuliendesha iwe fungu lake peke yake, limepitishwa kabla tofali la kwanza halijawekwa. Hili silegezi. Mtu asituletee mchoro wa jengo kabla hajatuletea bili ya umeme ya miaka kumi.

Rasimu ya kipengele nitaiweka kwenye kundi Jumapili baada ya mechi. Aliyependekeza Dubai aje na hesabu zake, na kamanda wa Temeke namwalika Mtongani wikiendi yoyote, boti ya Mbudya nitalipa mimi. Mama amesema safari hii na yeye anakuja, mradi asilazimishwe kuzamisha kichwa.