MAONI YETU: DAWA ZA KOMPYUTA, NA NANI AZILIPE



Barua nyingi zinazofika afisini kwetu siku hizi, hasa kutoka kwa makarani, watunza hesabu na wale wakaao madirishani kupokea fedha, zataja taabu moja: kompyuta ya kazi imekuwa nzito. Huwashwa saa mbili kasoro robo, na saa mbili na robo ingali haijafunguka. Foleni yazidi, wateja wanung'unika, na msimamizi akipita haiulizi mashine, humwuliza karani. Ndipo kwenye kioo hutokea tangazo la kusema kwamba mashine hii ina makosa mamia, tena mengine ya hatari, na kwamba kwa fedha kidogo programu fulani itayaondoa yote na kompyuta irudi kuwa kama mpya. Wanachama wengine wamelipa kutoka mifukoni mwao. Wengine watuuliza kama walipe. Na mahali pengine tajiri mwenyewe ndiye aliyenunua, akaitia katika kila mashine, kisha akatangaza kwamba tangu siku hiyo hakuna karani atakayesingizia kompyuta.

Kwa hivyo tumeona yafaa tutoe maoni yetu juu ya programu hizi zinazojiita za kusafisha, za kutengeneza na za kuongeza mbio. (Kama iko moja ya kuongeza mbio za matatu Mombasa Road saa ya jioni, tuleteeni. Hiyo tutailipia sisi.)

Hatutaki kuanza kwa kuzilaani, maana kazi hii ilianza kwa heshima. Mwaka 1982 Mmarekani mmoja, Peter Norton, alianza kuuza programu zake zilizoitwa Norton Utilities, na kilichozipa sifa ni uwezo wa kurudisha faili iliyofutwa kwa bahati mbaya. Karani yeyote aliyepata kupoteza hesabu za mishahara siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi ajua thamani ya kitu kama hicho. Siku hizo kompyuta ilikuja bila zana za namna hiyo, na mtu aliyezitengeneza alistahili fedha yake.

Hata leo programu hizi zina kazi ya kweli. Kompyuta hukusanya faili za muda, mabaki ya programu zilizoondolewa, na takataka za kurasa za intaneti. Diski ikijaa mpaka pomoni, Windows hukosa mahali pa kuweka vitu vyake vya kufanyia kazi, nayo hulegea. Kuondoa takataka hizo kwaweza kuleta nafuu unayoiona kwa macho. Tena programu nyingi zimejizoeza kujiwasha zenyewe kila asubuhi bila kuitwa, nyingine za kuchapa, nyingine za kupigia simu, nyingine hata hujui zilitoka wapi, na zote zagombania nafasi pamoja na ile unayoihitaji. Kuzizuia ni jambo jema. Na yule afanyaye kazi katika saiba, au katika kompyuta moja inayotumiwa na watu watatu kwa zamu, hupata faida kwa kufuta alama zake kabla ya kuondoka, ili mwenzake asiingie katika akaunti yake.

Lakini mambo yote hayo sasa yamo ndani ya Windows yenyewe, bila malipo. Kusafisha diski kumo tangu zamani. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 waweza kuona orodha ya zinazojiwasha na kuzizuia moja moja katika Task Manager. Tangu mwaka 2017 Windows 10 iliongezewa Storage Sense, ambayo ukiiruhusu husafisha yenyewe kwa ratiba. Kwa hivyo anayeuza programu ya kusafisha auza urahisi wa kubonyeza mahali pamoja badala ya matatu. Hilo si wizi, lakini si dawa, na halifai kulipiwa kila mwaka kama kodi.

Shida yaanza pale wanapotafuta kitu cha kuuza zaidi ya hapo. Wengi hukimbilia rejista. Rejista ya Windows ni kama daftari kubwa la stoo, ambamo kila programu yaandika mipango yake. Ni kweli kwamba humo mna mistari mamia ya vitu vilivyokwisha ondolewa. Lakini mtunza stoo hasomi daftari zima kila akitafuta msumari, huenda moja kwa moja kwenye ukurasa wake. Mistari michache ya zamani haimchelewi. Basi programu inayojisifu kwamba imefuta mistari 400 ya rejista imekupa hesabu ya kufurahisha macho, na mbio ni zile zile. Ikiwa kati ya hiyo 400 imefuta mmoja uliokuwa wahitajiwa, asubuhi yake programu ya hesabu haifunguki. Kampuni ya Microsoft yenyewe, iliyotengeneza hiyo Windows, imeandika kwamba haiungi mkono matumizi ya visafishaji vya rejista, na kwamba kosa likitokea kwa sababu yao huenda ikalazimu kuiweka Windows upya tangu mwanzo.

Vivyo hivyo kule kupanga upya diski. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka hupata faida vipande vya faili vikikusanywa pamoja. Diski ya SSD haina sahani wala kichwa cha kutembea, na kuipanga kwa njia ile ni kuichosha bure. Windows hutambua aina ya diski na kuitunza ipasavyo. Programu ya kigeni isiyojua tofauti hiyo haifai kuguswa.

Sasa tuje kwenye historia, maana kuna watu waliokwisha lipa gharama ya somo hili kabla yetu. Mwaka 1995 huko California kampuni iitwayo Syncronys ilitoa programu ya SoftRAM95, ikasema itazidisha memori ya kompyuta mara mbili bila kununua kipande chochote. Zikauzwa nakala zaidi ya 600,000. Mafundi walipoifungua wakaona kwamba haizidishi chochote. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ikaingilia, na wanunuzi wakaahidiwa kurudishiwa fedha.

Kisa cha pili chatuhusu sisi zaidi, kwa sababu ndani yake wamo wafanya kazi. Maduka ya Office Depot ya Marekani yalikuwa na programu ya kupima kompyuta za wateja bure. Kabla ya kupima, mteja aliulizwa maswali manne: je, mashine ni nzito, je, yazimika yenyewe, na mengine ya namna hiyo. Tume ya biashara ya serikali yao ilipochunguza iliona kwamba mteja akijibu ndiyo hata kwa swali moja tu, programu ilitoa habari kwamba imeona dalili za virusi, hata kama haikuona kitu. Matokeo yalitoka katika maswali, si katika kupima. Kisha mteja aliambiwa anunue matengenezo, ambayo yaliweza kufika dola 300. Jambo hili liliendelea miaka mingi mpaka mwisho wa mwaka 2016. Mwaka 2019 Office Depot ilikubali kulipa dola milioni 25, na Support.com, iliyoleta programu hiyo, dola milioni 10.

Na hapa ndugu msomaji usipite upesi. Tume ile ilisema kwamba tangu mwaka 2012 mfanya kazi mmoja wa maduka hayo alikwisha wapelekea wakubwa malalamiko, akisema hawezi kumdanganya mteja wala kutegwa amdanganye ili duka lipate dola chache zaidi. Hakusikilizwa. Kwa miaka minne zaidi wasimamizi na wafanya kazi wa madukani walisukumwa waendelee kuuza. Anayesimama mbele ya mteja na kusema uongo ulioandikwa na mashine ni mtu wa mshahara mdogo, na siku mambo yakifichuka uso unaokumbukwa ni wake. Tuna wanachama madukani na katika kampuni za simu wanaopewa hesabu ya kuuza kila wiki. Twawaambia: ukilazimishwa kuuza kitu unachojua kwamba hakifanyi kazi, andika malalamiko, weka nakala, na nakala nyingine utuletee.

Mchezo huu haujaisha. Mwaka 2024 kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 kwa sababu ya matangazo ya kutisha watu kwamba kompyuta zao zina virusi, ili wanunue programu ya kutengeneza, kisha wapigiwe simu kuuziwa mengine ya bei kubwa zaidi.

Hata ile iliyo njema yaweza kugeuka mlango wa mwizi. CCleaner ni programu ya kusafisha inayojulikana sana, na wengi wenu mnayo. Mwaka 2017 wahalifu waliingia katika kiwanda chake, wakatia programu ya ujasusi ndani ya toleo jipya, nalo likatoka likiwa na muhuri halali wa kampuni. Mashine zaidi ya milioni 2 zilipokea toleo hilo kabla ya jambo kugunduliwa Septemba. Waliokuwa wakiwindwa hasa ni makampuni makubwa machache ya teknolojia, lakini mlango ulikuwa wazi kwa wote. Fikirini basi: programu ya kusafisha hupewa funguo za nyumba nzima, maana bila funguo haiwezi kusafisha. Kompyuta ya afisi ina majina, namba za vitambulisho na mishahara ya watu, na sheria yetu ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yamtaka mwenye kuzishika azilinde. Si haki karani aachiwe kuamua peke yake ni nani apewe funguo hizo.

Mtauliza, kama si takataka, ni nini basi kinachoilemea mashine? Mara nyingi ni mambo ya chuma, si ya programu. Afisi nyingi hununua kompyuta zilizokwisha tumika Ulaya miaka kadhaa, zenye diski ya kuzunguka na memori ya GB 4, kisha zatiwa Windows mpya na programu tano nzito. Feni imejaa vumbi mpaka haizunguki sawasawa, na mashine ikipata joto hujipunguza mbio yenyewe isiungue. Kubadilisha diski kuwa SSD, kuongeza memori na kupuliza vumbi kwaweza kuifufua mashine ambayo programu kumi hazikuisaidia. Na zile ambazo zingali na Windows 10 zina shida nyingine, maana usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna kisafishaji kitakachoziba nyufa hizo.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini matajiri wengine wapenda programu hizi. SSD yagharimu fedha na fundi hulipwa. Programu ni bei ndogo, na ikiisha kuwekwa lawama yahama kutoka kwa mashine hadi kwa mtu.

Tawi moja limetuletea habari ya mwanachama, mama wa miaka mingi kazini, aliyeamriwa kwa mdomo na msimamizi wake atie programu ya kusafisha. Akatia. Kesho yake programu ya hesabu haikufunguka, fundi akaitwa, na gharama ya fundi ikakatwa katika mshahara wa mama huyu. Msimamizi akasema hakumbuki kutoa amri. Twasema kukatwa huko hakuna msingi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara ya mali yake pale tu hasara ilipoletwa na kosa la mfanya kazi la makusudi. Kutii amri ya mkubwa si kosa la makusudi. Kompyuta nzito si kosa la karani hata kidogo.

Basi msimamo wetu ni huu. Kompyuta ni chombo cha kazi kama vile lori au cherehani, na kukitunza ni juu ya mwenye kazi. Mwanachama asinunue programu ya kutengeneza mashine ya tajiri kwa fedha yake mwenyewe, wala asitie programu yoyote bila amri ya maandishi, hata kama ni ya bure. Tangazo la kutisha likitokea kwenye kioo, asilibonyeze wala asipige namba ya simu iliyoandikwa humo, bali amwite fundi wa afisi. Na katika kila afisi pawe na daftari la makosa ya mashine: tarehe, saa, imekwama muda gani, nani ameambiwa. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na siku msimamizi akija na barua ya onyo kwa uzembe, daftari litasema.

Wale waliokwisha katwa fedha kwa ajili ya matengenezo ya kompyuta wampelekee mwakilishi wa tawi karatasi ya mshahara, pamoja na barua ya kukatwa kama walipewa, kabla ya mkutano wa halmashauri mwisho wa mwezi. Wasiopewa barua waje pia.