Usingizi wa mwanafunzi si uvivu

Huenda unaishi Nairobi au Mombasa lakini mwanao yuko katika shule ya bweni nyumbani, tuseme Mutomo, Kitui. Je, umewahi kumuuliza huamshwa saa ngapi? Wako wanafunzi nchini wanaoingia darasani saa kumi alfajiri, na sisi wazazi huisifu bidii hiyo. Kwa maoni yangu, tunajidanganya.

Seli za ubongo hupashana habari kupitia viungo vidogo mno. Vingi hutumia kemikali. Hivi ni kama njia ya punda iendayo kuteka maji katika mchanga wa mto: ikitumiwa hupanuka, ikiachwa hufunikwa na nyasi. Ndivyo tunavyojifunza na kusahau.

Viungo vingine ni vya umeme. Seli mbili huunganishwa na vitundu, na mkondo ukapita moja kwa moja. Kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa kama waya wa stima: ukishafungwa, umefungwa. Lakini mwaka wa 2011, Julie Haas na wenzake nchini Marekani walionyesha katika ubongo wa panya kwamba seli hizo zikichangamka pamoja kwa vishindo, nguvu ya viungo vya umeme hupungua na kubaki chini kwa muda. Seli walizozichunguza zimo katika sehemu inayohusika na usingizi na kumakinika.

Utafiti huo haukufanyiwa wanafunzi. Hata hivyo, unatukumbusha kwamba ubongo hujirekebisha kila mara, na wataalamu wanajua kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kuyaimarisha tuliyojifunza mchana hufanyika tukiwa tumelala. Kijana wa sekondari anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri amepata saa tano tu.

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zilitenga saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ziwe za kulala katika shule za bweni. Basi, msomaji, katika mkutano ujao wa wazazi usiulize alama peke yake. Uliza pia kengele hulia saa ngapi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.