Njia Moja Haitoshi

Tarehe 19 Juni, 2025 lilifunguliwa rasmi Daraja la Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 hivi kati ya Kigongo na Busisi. Lori ambalo zamani halikuwa na hiari ila kungoja kivuko sasa huvuka kwa dakika chache. Tunaipongeza kazi hiyo. Lakini furaha hiyo isitusahaulishe swali linalowahusu zaidi ndugu zetu wa visiwani: njia moja ikifungwa, bidhaa zitapita wapi?

Ziwa letu limekwisha kutufundisha. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, viwanda vya minofu vya Mwanza vilivyotegemea soko hilo vilipata pigo kubwa, na pigo hilo likamshukia mwenye mtumbwi. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipunguza safari za ndege, na mwaka huo huo maji ya ziwa yalipanda kupita hata kimo cha mwaka 1964.

Kampuni nyingi hujipima kwa wingi wa shehena na udogo wa gharama. Vipimo hivyo vinafaa siku ya shwari. Siku ya dhoruba hapana budi kuuliza mambo matatu. Kwanza, kampuni ina njia ngapi, na wauzaji wangapi, inaoweza kuwatumia kweli? Pili, kuhama kutoka njia moja hadi nyingine huchukua siku ngapi? Tatu, kuhama huko huongeza gharama kiasi gani, na nani hulipa? Njia ya pili inayohitaji mwezi mzima kuanza si njia kwa mwenye sangara na barafu inayoyeyuka. Na kampuni inayomtwisha mwananchi wa kisiwani gharama yote haikugeuka. Imehamisha mzigo tu.

Ukerewe ina nafuu: shehena hufika Nansio kwa meli kutoka Mwanza, au hupitia Bunda na kuvuka kati ya Kisorya na Rugezi. Ukara haina nafuu hiyo. Tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara kikiwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake pamoja na mizigo, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Usalama ulikuwa na kasoro zake, lakini tusisahau kuwa chombo hujazwa kupita kiasi hasa pale ambapo hakuna kingine.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi wa mkoa na wilaya wawatake wanaopeleka mafuta, dawa na unga visiwani watoe majibu ya maswali hayo matatu kabla ya kila msimu wa mvua, na wayathibitishe kwa kuijaribu njia ya pili hasa, si kuiandika tu. Ghala la akiba na mkataba wa pili vina gharama. Lakini gharama hiyo hujulikana mapema, na hulipwa kwa fedha. Ile ya kukosa njia, Ukara imekwisha kuilipa kwa roho za watu.