SANTURI ZA BIBI KWA BEI YA KARANGA!

Wiki hii sina habari za mapenzi. Nina kesi ya santuri, na imetokea nyumbani kwetu, hapa hapa Mtoni.

Bibi yangu ana sanduku chini ya kitanda, ndani mna sahani 23 za santuri alizoachiwa na marehemu babu. Masika yalipotoboa bati la chumba chake, ami akasema ziuzwe tupate mabati. Akaja bwana mmoja wa mjini, mnunuzi wa vitu vya kale. Akapekua weee, mwisho akatoa Sh 40,000 kwa sanduku zima. Bibi huyo, yuko tayari! Mara binamu yangu akachomoa simu: "Bibi usikubali! Kama hii ya Siti binti Saad, moja tu wanauza dola 300!" Nyumba ikawaka moto. Ami na binamu hawakusalimiana siku tatu.

Nikenda kwa mzee mmoja, fundi redio wa zamani, anayezijua sahani kuliko wajukuu zake. Alicheka kwanza, kisha akanipa somo.

La kwanza, bei aliyoiandika muuzaji si bei. Mtu anaweza kuandika dola 300 na sahani ikakaa hadi ikaota ukungu. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu keshaitoa mfukoni. Tafuta zilizouzwa, si zinazouzwa, tena utizame kadhaa, maana tajiri mmoja mwenye wazimu wake asije akakupoteza.

La pili, hali yake. Zile nzito za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, si plastiki. Zimetengenezwa kwa gundi ya mdudu wa India, na zinavunjika kama kigae. Ikipata ufa, bei imekwenda. Za plastiki nazo adui yake jua, zinapinda. Na usisafishe za gundi kwa spiriti, inaiyeyusha! Hapo nikanyamaza, kwa sababu binamu alishasugua mbili ili zing'are.

La tatu, kitu kuwa kikuukuu si lazima kiwe ghali. Kiwe adimu, na kiwe na wenye kukitaka. Mtizame Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946. Ile Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 iliuzwa mno, na sahani yake ya kawaida utaipata kwa bei ya chini. Lakini mwaka 1978 kampuni ya EMI ilitoa 200 tu za rangi ya buluu, na hizo zinauzwa kwa maelfu ya pauni. Wimbo ni ule ule, jamani! Siti naye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Ziliuzwa kwa maelfu, ila ngapi zimesalimika nzima?

La nne, mwenye duka lazima atoe pungufu, naye ana kodi ya pango na anataka faida. Huo si wizi. Kosa ni letu kuuza sanduku zima bila orodha. Yeye ana shida na mbili tatu, zilizobaki anazipata bure.

Basi mzee akaja nyumbani akapanga mafungu: 4 nzuri, 12 za kawaida, 7 vigae, pamoja na zile mbili za spiriti. Tukamrudia yule bwana na orodha mkononi. Kwa zile 4 peke yake akatoa Sh 130,000, na mabati ya chumba yakapatikana.

Na ile ya dola 300? Ina ufa toka ukingoni hadi katikati! Sokoni haina bei. Bibi akaipangusa kwa kanga, akairudisha chini ya kitanda. "Hii hata ingekuwa nzima nisingeiuza," akasema.

Ami na binamu sasa wanasalimiana, ingawa chupa ya spiriti imefichwa. Na wewe msomaji, kabla hujaliita sanduku la bibi yako takataka, lifungue, uziandike moja moja.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.