Shaka ya Mgonjwa si Utovu wa Adabu

Gego langu la chini, upande wa kulia, lilizibwa katika kliniki moja ya Tunduma nilipokuwa nyumbani likizoni. Siku ya kumi lilikuwa bado linanikesha. Nilirudi kuuliza. Tabibu aliyenihudumia alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akasema: "Mwalimu, wewe kafundishe siasa, meno tuachie sisi. Kama linasumbua, tuling'oe." Jibu hilo liliniuma kuliko gego lenyewe.

Nimtendee haki kwanza. Maumivu baada ya kuzibwa jino hayathibitishi uzembe. Jino lililochimbwa kwa kina huweza kushtuka kwa maji ya baridi siku kadhaa, kisha likatulia. Kizibo kikizidi kimo kidogo tu, gego hilo hubeba uzito wote wa kutafuna, na tiba yake ni kukisugua kwa dakika chache. Lakini maumivu yanayodunda usiku bila jino kuguswa, na yanayobaki muda mrefu baada ya chai ya moto kumezwa, yana habari nyingine: kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu, kimevimba na pengine kinakufa. Hapo huhitajika picha ya eksirei, kisha ama matibabu ya mzizi ama kung'oa. Haya yote muuza mchele wa pale mpakani angeyaelewa kwa dakika tano. Mimi sikupewa hata moja.

Nikapanda basi hadi Mbeya, takriban kilomita 100. Picha ilionyesha uozo uliokwisha kukifikia kiini. Daktari wa pili hakumsema mwenzake vibaya; aliomba tu kuona maandishi ya matibabu ya awali. Nikampa daftari langu. Lilikuwa na maneno mawili: "Jino limezibwa." Lipi? Uozo ulikuwa wa kina gani? Lilizibwa kwa dawa gani? Daktari akalifunga, akaanza upya kana kwamba sijawahi kutibiwa.

Gego langu liliokolewa kwa sababu nina mshahara, nauli na ujasiri wa kubishana. Mama niliyeketi naye kwenye benchi alikuwa amekwisha kung'olewa meno mawili kwa maumivu yale yale, na maumivu yalikuwa bado yapo. Hakuwahi kuuliza. "Ningeanzaje kumuuliza daktari, baba?" aliniambia.

Najua utetezi uliopo: foleni ni ndefu, mashine ni chache. Sawa. Lakini kuandika "gego la kwanza la chini kulia, uozo wa kina" hakuhitaji mashine. Na tukumbuke kwamba mbinu ya kusafisha uozo kwa zana za mkono na kuziba jino bila umeme ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Nchi yenye historia hiyo inawezaje kukubali koleo liwe jibu la kwanza?

Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016, tulihesabu majengo, na majengo tunayahitaji. Ndugu zangu watumishi wa umma, mnapokagua vituo hesabuni pia madaftari. Fungueni kumi tu, msome yaliyoandikwa humo. Ipo Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia wataalamu wa tiba na meno, na lipo Baraza la Madaktari Tanganyika linalopokea malalamiko. Lakini mlalamikaji mwenye daftari la maneno mawili atalalamika kwa ushahidi gani?

Nami sijitoi. Fomu ya bima niliitia sahihi bila kuisoma, mimi mwenye shahada ya uzamivu, ninayewafundisha vijana kwamba mamlaka yote sharti yahojiwe. Nililala kwenye kile kiti, ganzi ikanishika, nikanyamaza hata kabla ganzi haijafika ulimini. Wanafunzi wangu watanicheka, na wana haki.

Likizo ijayo nitarudi kliniki ile ile, na daftari lile lile. Sitapeleka mwanasheria wala mwandishi wa habari. Nitaomba tu ile sentensi ikamiliishwe, na nitakaa kwenye benchi mpaka iandikwe.